Pumzi Kwenye Amplifaya

Chaneli ya sita haikuwa imeunganishwa na kitu chochote, lakini ilikuwa inapumua.

Gikunda alitega sikio. Amplifaya hiyo ya kanisa aliiunda mwenyewe nyumbani kwake Kaaga, kila chaneli akaizungushia bati ili sauti yake isivujie nyingine. Kilichokuwa kimemshinda ni mvumo wa umeme kwenye spika. Asubuhi hiyo alikusanya waya zote za kupeleka umeme ardhini kwenye bolti moja, akaiunga na nondo ya chuma, akaipigilia katikati ya migomba, penye udongo usiokauka. Mvumo ukakatika. Fundi akajipongeza, mjinga yeye.

Sasa chumba kilinuka maziwa yaliyochacha.

Akaikata chaneli ya sita. Pumzi ikahamia ya tano. Akaikata nayo, ikaruka mabati yake yote kama si kitu, ikaenea hadi spika zote zikawa zinapumua pamoja, kisha zikalia kilio chembamba cha mtoto mchanga, na alipogeuka akamwona mkewe Karwirwa mlangoni, blauzi imelowa kifuani.

"Hiyo chuma umeipigilia wapi?" akanong'ona.

"Kwa migomba. Kwani?"

"Ndipo mama yako alipomzika."

Mtoto wao alizaliwa amekufa, akazikwa siku hiyohiyo bila jina wala msalaba. Gikunda alikuwa Embu akifunga spika za harusi. Aliporudi, hakuuliza hata kaburi liko wapi.

Ingawa walikuwa watu wa kanisa, alimwita kwa siri Ishmael wa Majengo, msomaji wa Kurani anayetoa majini. Mzee alisikiliza, akarudi nyuma.

"Huyu si mtoto wenu," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto wenu amepumzika. Hili ni jini, limeiga kilio tu. Ng'oa hiyo chuma nikisoma. Na mtu asiguse mashine wala spika."

"Using'oe!" Karwirwa alimshika mumewe mkono. "Tafadhali, Gikunda. Wewe hukuja hata kumzika. Niachie huyu."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli tupu. Hata hivyo alitoka, Ishmael akisoma nyuma yake, akaishika nondo iliyokuwa na joto la mwili wenye homa, akavuta, na kilio kule ndani kikapanda mpaka majani ya migomba yakatetemeka bila upepo, akavuta tena huku akilia yeye mwenyewe, hadi nondo ikatoka na pote pakanyamaza.

"Limetoka," Ishmael akasema.

Gikunda alikimbilia ndani. Karwirwa alikuwa ameketi sakafuni, ameikumbatia spika kwa mikono miwili, ametulia.

"Nisamehe, mke wangu," akasema, akapiga magoti. "Ilinipasa kuuliza siku ile."

Karwirwa alimtazama kama mtu asiyemjua. Akafungua kinywa kumjibu, na kilio kile chembamba kikatoka kooni mwake, kilio cha njaa.