Gunia la Uji Lilivyogeuka Pombe

Wazazi wenzangu, na ninyi wajukuu mnaojua kusoma kuliko mimi niliyeishia darasa la tatu, kaeni niwaeleze jambo lililotupata kijijini kwetu, nusu siku kwa mguu kutoka Sumbawanga mjini. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha Ujamaa.

Asubuhi zetu zilikuwa tamu. Akina mama walipita na majembe begani kwenda shamba la kijiji, wakaniachia watoto kwenye banda la nyasi. Walikuwa thelathini na mmoja. Mimi, Mama Zenon, ndiye niliyechaguliwa kuwatunza. Serikali ilinipeleka mjini wiki tatu nikajifunza kuwafundisha kuhesabu kwa kokoto, kuwaosha na kuwapikia. Saa nne walikunywa uji wa ulezi, kisha wakaimba mpaka kunguru wakahama.

Serikali ilituahidi mabati, misumari na maziwa ya unga. Sisi tusimamishe kuta za nyumba ya watoto, na chungu chao cha uji kisikauke. Kila nyumba ikatoa ulezi, yakajaa magunia mawili. Yakawekwa kwa Flavian, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Flavian hakuwa mwizi. Nasema mapema msije mkamhukumu. Alikuwa mtu wa haraka tu. Siku moja ikaja barua: baada ya wiki mbili Bibi Maendeleo wa serikali, dada mmoja wa Mbeya aitwaye Atusaye, atakuja kukagua. Kuta zikiwa bado ziko chini, mabati yataenda kijiji kingine.

Flavian akagonga kengele asubuhi tatu mfululizo. Walitokea yeye mwenyewe, mzee Sebastiani fundi wa matofali, na mbuzi mmoja. Wengine wote walikuwa kwenye ntumba, yale matuta yetu makubwa ya kufukia nyasi, ambayo hayangoji mtu.

"Mfipa haitwi kazini kwa kengele," Flavian akamwambia mkewe Klementina. "Anaitwa kwa chungu. Loweka ulezi."

"Ulezi upi? Wetu ni wa harusi ya mdogo wako."

"Ule wa watoto."

"Baba Rozina! Watakunywa nini?"

"Na nyumba tunamjengea nani? Si haohao watoto? Wakivuna watu, tutarudisha."

Klementina akafungua magunia. Hata mimi niliposikia nilikubali, maana maneno yalinyooka kama uzi. Nanyi mnaonisikiliza, semeni kweli, mngejibu nini?

Basi ulezi ukalowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Kwangu chungu kikakaa kitupu. Akina mama wakasema, "Kama hata uji hakuna, bora mwanangu alie njaa shambani mbele ya macho yangu." Thelathini na mmoja wakawa ishirini, wakawa tisa. Siku ya pombe nikafunga banda. Rozina, binti wa Flavian mwenye miaka mitano, nikamwambia aende kwao. Nyumba ile ilikuwa mbele ya macho yangu, nikaona inatosha. Hilo ni kosa langu, nalisema.

Siku hiyo wanaume walikuja! Hata wasio na watoto walikuja. Wimbo huku, kata ya pombe huku, tofali huku. Kufika adhuhuri ukuta ulikuwa umepanda na kupinda kama mgongo wa ng'ombe mzee.

"Mzee Sebastiani," nikasema, "ukuta umelala."

"Ukuta umenyooka, mama," akajibu akijishikilia kwenye ngazi. "Dunia ndiyo imepinda."

Tulicheka. Tukiwa bado tunacheka, Landrova ikaingia, siku mbili kabla ya siku yake. Atusaye akashuka, akautazama ukuta, akatutazama sisi.

"Shikamooni wazee. Watoto wako wapi?"

Wanaume thelathini na wanane wakageuka kuangalia banda langu lililofungwa.

Jibu likatoka nyuma ya jiko la Flavian. Lilikuwa yowe la Klementina. Rozina alikuwa amelala kando ya chungu, machicha ya pombe yamemjaa kidevuni, kata ingali mkononi. Tulimwita, tukamtikisa. Shingo ikalegea kama ya kifaranga.

"Mtoto garini!" Atusaye akapiga kelele. "Mama, panda! Baba, panda!"

Nami nikapanda. Njia nzima Flavian, mikono imejaa udongo, alirudia neno moja: "Alikuwa na njaa. Alikuwa na njaa."

Hospitalini walimhudumia, wakasema tungoje. Tukangoja mpaka jua likainama. Kisha Rozina akafumbua macho, akanitazama.

"Mama Zenon, uji umeiva?"

Flavian akageukia ukuta, mabega yakatikisika.

Usiku ule mvua ilinyesha, nao ukuta ukalala kweli. Asubuhi Sebastiani aliuzunguka mara mbili, kisha akavua kofia.

Kwenye mkutano wa kijiji Flavian alisimama mbele ya wote. "Nilikula mbegu ili nilime shamba," akasema. Kisha akaleta gunia la ulezi wa harusi, akaliweka miguuni pangu. Mdogo wake akanuna, kisha akacheka: "Basi wageni wangu watakunywa uji!" Watu wakaona haya. Ilikuwa kabla ya mavuno, ghala zetu zimebaki na panya tu, lakini hakuna aliyekuja mikono mitupu, hata kama ni bakuli moja la ulezi.

Atusaye akasema, "Mabati nitayashikilia mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ila nikirudi sitatazama ukuta kwanza. Nitapita moja kwa moja jikoni."

Tukagawana kazi kwa nyumba kumi kumi, kila kundi na siku yake, bila chungu cha pombe. Ukuta ulikwenda polepole, ukanyooka hata Sebastiani akaupiga busu. Atusaye alirudi, akapita jikoni kama alivyosema, akaomba bakuli, akamaliza, akaongeza. Ndipo akautazama ukuta, na mabati yakaja.

Mvua ya kwanza ilipopiga yale mabati, watoto thelathini na mmoja walilazimika kuimba kwa kupiga kelele. Sijasikia kwaya nzuri zaidi. Leo mtunzaji wa nyumba ile ni Rozina, na uji wake ni mzito kuliko wangu.

FUNZO

Serikali inaweza kuleta mabati, lakini haiwezi kumwonea huruma mtoto wako badala yako. Kilichotengwa kwa ajili ya watoto kiwafikie watoto, siku ileile, wala kisiazimwe hata kwa jambo jema. Nyumba inaweza kungoja. Tumbo la mtoto halingoji.