Siri ya Miguu Iliyovimba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alifagia maranda katika karakana ya baba yake. Baba alikuwa seremala, mtu wa miraba minne. Majirani walimtania kwamba anaweza kubeba kabati na mwenye kabati ndani yake.

Asubuhi moja Kidoti alimkuta ameketi juu ya mbao, anahema kama aliyekimbizwa. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii.

"Baba, nimwite mama?"

"Aa, uchovu tu huu. Usimwambie mama yako, atakosa usingizi bure."

Kidoti akarudi kufagia. Mama alipouliza mbona baba siku hizi analala ameegemea ukuta, alijibu, "Sijui, mama." Akajibu hivyo kwa wiki tatu.

Siku ya Alhamisi, baba alianguka huku akipiga randa mlango wa mteja.

Hospitalini, kando ya kitanda cha baba, daktari aliwachorea Kidoti na mama yake moyo kwenye karatasi.

"Moyo ni misuli, lakini si kama ya mkono. Mkono ukichoka, unaupumzisha. Huu unapiga tangu mtu yumo tumboni mwa mama yake. Vyumba viwili vya juu vina misuli myembamba, maana vinasukuma damu ishuke chini tu. Vya chini vina misuli minene, hasa cha kushoto, kinachopeleka damu mwili mzima. Halafu zipo nyuzi maalumu zinazopitisha umeme mdogo, ili vyumba vyote vipige kwa zamu."

"Cha baba kilichoumia ni kipi?" Kidoti aliuliza.

Kalamu ikatua kushoto, chini. "Hiki. Presha imekitesa hadi kimetanuka na kulegea. Ndiyo maana maji yamejaa mapafuni na miguuni."

"Kitapona?"

"Dawa zitakipunguzia mzigo. Lakini misuli ya moyo ikifa, hairudi."

"Alianza kuvimba lini?" mama aliuliza. Baba akageukia ukutani.

"Wiki tatu zilizopita," Kidoti alisema huku akilia. "Nilijua, mama. Nilikudanganya."

Mama hakumkemea. Aliketi kitini taratibu.

"Na kama tungekuja mapema?" alimuuliza daktari.

"Tungeokoa kiasi," daktari alisema. "Si yote."

Baba alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili. Uvimbe ulishuka, pumzi ikatulia. Alimeza vidonge asubuhi na jioni, akala chakula bila chumvi. Lakini mbao hakuzibeba tena. Karakana ilichukuliwa na fundi mwingine, na kila msumeno ulipolia, baba alifumba macho.

Jioni moja alimwita binti yake.

"Kosa ni langu. Mtu mzima hamtwishi mtoto siri kama ile. Ila ushike hili: mficha maradhi, kilio humuumbua. Yeyote akikuomba umfichie ugonjwa, sema siku hiyo hiyo. Hata akiwa ni mimi."

"Na ukinikasirikia, baba?"

"Acha nikasirike," baba alisema, akivuta pumzi. "Nikasirike nikiwa hai."