Daftari la Kumi na Moja

Wakata miwa walimpata Mwalimu Phanuel Jumatano asubuhi, amelala kifudifudi kwenye mtaro katikati ya shamba, nzi wamemvaa. Walitupa mapanga wakatimua mbio hadi barabarani. Wawili kati yao hawakurudi kazini siku hiyo wala iliyofuata.

Inspekta Sylvanus Sifuna wa Kakamega alichuchumaa kando ya maiti, leso puani. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa kwa kitu kizito, butu, chembamba. Mgongo wa panga, alikisia. Mwili ulikuwa na siku nne hivi, na siku zote hizo Kabras nzima ilidhani mwalimu amekwenda kwao Chekalini.

Sajini Andati alipekua mifuko. Akatoa saa, kitambulisho na vipande vitatu vya chaki.

"Hajaibiwa, afande."

"Ameibiwa. Mkoba wake uko wapi?"

Kila mtu aliujua mkoba ule wa turubai. Mwalimu Phanuel alifundisha ngumbaru, darasa la watu wazima, kila Jumamosi alasiri kanisani. Mwaka ule wa themanini na tatu kila mwenye shamba alikuwa ameng'oa mahindi akapanda miwa, na kila mwenye miwa alitaka kujisomea barua za kiwanda, asitegemee makarani.

Somo la mwisho lilikuwa bado ubaoni, nyuma ya kanisa. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: "burnt". Chini yake yalipangwa maneno yaliyokaribiana nalo: "scorched", kubabuka, "charred", kugeuka makaa, "singed", kuungua juujuu tu. Marehemu alipenda maneno kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Mwisho alikuwa ameandika: Tunga sentensi. Andika ulichokiona kwa macho yako.

"Wanafunzi wangapi?" Sifuna aliuliza.

"Kumi na mmoja," alijibu Andati. "Madaftari yote alikuwa nayo, anasahihisha."

Sifuna alirudi kwenye neno la kwanza ubaoni. Mwezi uliopita miwa iliwaka eneo hilohilo. Moto ukaruka mpaka, ukala nyumba ya bibi kizee Muhonja, na yeye mwenyewe akafia humo ndani. Wengi walilaumu sigara ya wakata miwa. Jalada halikufungwa.

"Andati, mtu anayeogopa sentensi moja atafanya nini?"

"Atachana ukurasa, afande."

"Akijua kusoma. Huyu amebeba mkoba mzima. Hajui kusoma, na hajui ni nani aliyeandika. Kwa hiyo anahitaji msomaji."

Mahali fulani humo miwani, mtu alikuwa anamsomea muuaji.

Aliwaita wanafunzi mmoja mmoja hapo kanisani. Sita wa kwanza walikumbuka sentensi zao. Huyu aliandika juu ya ugali ulioungua, yule juu ya shati la pasi. Wa saba alikuwa Awinja, mke wa Lusweti, mwanamke mwembamba aliyekaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri kukimbia.

"Uliandika nini, mama?"

"Nimesahau, afande."

"Mumeo anajua kusoma?"

"Hajui." Alisokota ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Afande, mtu akisoma kitu kwa uongo makusudi, anafungwanga?"

Sifuna aliweka kalamu chini.

"Amekusomesha madaftari mangapi?"

Awinja alitazama mlangoni kwanza. "Tisa. Matatu kila siku, tukimaliza kula. Anaketi na panga hapo magotini, ananiangalia mdomo. Leo yamebaki mawili. Langu nimeliweka chini kabisa, sijalifungua. Amesema yakiisha na hajampata mtu, kesho anapeleka yote kwa katekista. Na katekista hawezi kudanganya."

"Hajui kwamba nawe ulikuwa darasani?"

"Anajua. Lakini hawezi kufikiria kama ni mimi."

Andati alikuwa amekwisha kushika funguo za Landrova. Awinja akaruka kumzuia.

"Msiende na gari. Akisikia gari atafunga mlango, na watoto wangu wako ndani na yeye. Amenituma chumvi tu, hajui niko hapa. Wacha nirudi, nyinyi mpitie kwa miwa."

Sifuna hakuupenda mpango huo hata kidogo, ila hakuwa na mwingine. Alimpa muda wa kufika, kisha akaingia miwani na Andati. Majani yalimkata mikono. Miwa ilikuwa imepita vichwa vyao, na kila ilipochakarika alidhani amesikia mwanamke akipiga kelele. Alikuwa polisi miaka kumi na saba, na hakukumbuka kama aliwahi kuogopa vile.

Mlango ulikuwa wazi. Watoto wawili walikuwa wanakula ugali wao wa obusuma kwenye mkeka. Awinja alisimama karibu na dirisha, daftari mkononi, na sauti ya Lusweti ilikuwa ya upole kabisa.

"Mbona hilo husomi? Nimekwambia fungua."

Andati alimrukia kutoka nyuma, akamkaba mikono, panga likaanguka kwenye saruji. Sifuna alilisukuma mbali kwa kiatu. Chini ya kitanda aliuona mkoba wa turubai.

"Polisi. Lusweti, unashukiwa kumuua Phanuel. Ukisema neno lolote, litaandikwa."

"Mna shahidi gani? Nani aliniona?"

Sifuna alimgeukia Awinja. "Si lazima, mama."

"Nitasoma," alisema Awinja. Akafungua daftari la kumi na moja, akasoma kwanza kwa Kiingereza, polepole, kisha kwa Kiswahili. "Mume wangu alichoma miwa yake mwenyewe, na nyumba ya kukhu Muhonja ikawa makaa."

Lusweti alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Mabega yakamshuka.

"Miwa yangu ilikuwa na miezi thelathini, imepita wakati wa kukatwa," alisema hatimaye. "Inakauka nikiona. Kiwanda hakiji. Lakini ikiungua wanakatanga haraka, kabla sukari haijaharibika. Wengi wamefanya hivyo. Ni upepo ulinigeuka."

"Na kukhu?"

"Saa hiyo alikuwanga kanisani. Sikujua ni mgonjwa, afande. Nilimsikia nikashindwa kuingia." "Halafu Jumamosi mwalimu akanisimamisha njiani. Akasema niende polisi mwenyewe, mwanafunzi wake aliniona na ameandika. Nikaona kamba shingoni. Nikamuuliza ni nani. Nilimuuliza mara tatu, panga mkononi. Akakataa kutaja."

Andati alimfunga pingu. Sifuna akachukua daftari, akaona chini ya sentensi mstari wa wino mwekundu.

"Hapa mwalimu ameandika nini?"

Awinja aliinama akausoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

"Sentensi nzuri, mama. Usiogope. Sitakutaja."

Lusweti aliinamisha kichwa. Awinja akaketi sakafuni kando ya watoto wake, akalia kwa sauti. Siku nne alikuwa amezuia machozi, asije akaulizwa anamlilia nani.