Aliyekuja na Tandiko Begani

Nilitoka jua likizama, gunia begani na shoka mkononi, kwenda mtoni kukata barafu ya kuyeyusha kwa chai. Ni kazi ya kila siku. Tangu niolewe katika bonde hili la milima ya Altai nilikuwa nimeifanya majira ya baridi ishirini na mawili, na sikuwahi kuiogopa.

Siku hiyo nilikuwa na haraka. Mume wangu Dashnyam alikuwa amelala hemani siku ya tatu bila sauti. Sisemi sauti ilikuwa inakwaruza. Haikuwepo kabisa. Anafungua kinywa, mishipa ya shingo inatutumka, hakitoki kitu. Na miguu yake ilikuwa imeanza kupoa, ubaridi ambao jiko halikuuondoa. Asubuhi ulikuwa kwenye vifundo. Mchana ukafika magotini.

Dashnyam ni mwimbaji wa tenzi. Anapiga zeze la nyuzi mbili na kuimba habari za mashujaa wa kale kwa sauti nzito ya kifuani, tangu giza liingie mpaka kupambazuke. Watu humwita wanapokuwa na shida, mbwamwitu wamezidi, au farasi wanatupa mimba. Shujaa akisikia anaimbwa hutega sikio, na akitega, mabaya hukimbia. Sharti ni moja tu. Ukimuua shujaa katika wimbo, usiweke zeze chini mpaka umfufue.

Siku nne nyuma tulikuwa kwa Gombo, tajiri wa farasi ng'ambo ya mlima. Hema limejaa wageni. Dashnyam akaimba utenzi mkubwa kuliko yote, wa Shujaa ambaye jina lake sitalitaja hapa, mtanisamehe. Akafika pale adui anapomchoma mkuki kwa hila na kumtupa shimoni, na farasi wake anatimua mbio kwenda kutafuta wa kumwokoa. Hapo Gombo, macho mekundu kwa pombe, akanyoosha mkono akawasha televisheni.

“Kaka Dashnyam, pumzika kidogo! Fainali ya mieleka inaanza.”

“Siwezi kukatiza hapa, kaka. Unajua mwenyewe.”

“Si ameshakufa huyo? Atakwenda wapi?” Watu wakaangua kicheko. “Mwache alale. Kesho utamwamsha.”

Wakamjazia bakuli. Dashnyam akanitazama mimi. Nami nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma kwa kumimina chai. Nikampa ishara kwa macho: kunywa tu, yaishe.

Akaweka zeze chini.

Kesho yake Gombo alikuwa anaumwa kichwa, hakutaka kusikia wimbo wala mwimbaji. Tukarudi kwetu kwa pikipiki. Alfajiri iliyofuata, sauti haikuwepo.

Basi nikawa pale mtoni napiga shoka. Kah! Kah! Mbwa wetu wawili walikuwa wamenifuata, wanachezacheza juu ya barafu. Ghafla wakaacha. Wakajilaza chini, masikio yamelala, wakanyamaza kimya.

Kisha harufu ikanifikia. Katika baridi ya kwetu hakuna kinachonuka. Lakini hiki kilinuka... chuma chenye unyevu. Udongo wa shimo lililofukuliwa leo.

“Dada.”

Nikageuka. Mtu mrefu alikuwa amesimama ukingoni, tandiko la farasi begani. Tandiko la zamani, lenye mapambo ya fedha yaliyofubaa. Kwetu ukimwona mtu anatembea kwa miguu na tandiko begani, ujue farasi wake amekufa. Nilimwonea huruma, nasema kweli.

“Farasi wangu hajarudi,” akasema. “Amepita huku?”

“Sijamwona, kaka. Ana rangi gani?”

“Hajarudi. Nimemsubiri shimoni siku nne.”

Pumzi yangu ilikuwa inatoa mvuke mzito. Yake haikutoa chochote.

Nikashusha macho. Koti lake lilikuwa na tundu kifuani, pana kama kiganja. Na ndani ya tundu lile niliona theluji.

Theluji ya ukingo, iliyokuwa nyuma yake.

“Hema la mwimbaji ni lipi?” akauliza taratibu.

Niliacha gunia, nikaacha shoka, nikakimbia. Sikusikia hatua nyuma yangu hata moja. Nikaingia, nikakomea mlango, nikauegemea kwa mgongo. Kimya. Moto unalia jikoni... Halafu, nje, pembeni kabisa ya mlango, kitu kizito kikatuliwa chini.

Puu.

Mtu aliyetua mzigo begani.

Dashnyam alikuwa ametoa macho. Alijua, sikuhitaji kumweleza. Nilimgusa, ubaridi umefika kiunoni. Akanyoosha kidole kwenye zeze. Kisha akanielekezea mimi.

“Mimi?” nikanong'ona. “Mwanamke haimbi tenzi, Dashnyam. Unataka watu waseme nini?”

Akaushika mkono wangu, akauweka tumboni pake. Baridi ilikuwa inapanda chini ya kiganja changu, kama maji yanavyopanda ndani ya ndoo.

Ukuta wa hema nao ukaanza kuingia ndani. Polepole. Ile sufu nene iliyofunika hema ikabonyea kwa urefu wa bega la mtu. Mtu aliyejiegemeza ili asikie vizuri.

Nikachukua zeze.

Sijui kupiga. Niligonga uzi mmoja, uleule, nikaanza. Miaka ishirini na miwili nimekaa nyuma ya jiko nikimimina chai na kusikiliza. Kumbe maneno yalikuwa yamejaa ndani yangu. Nikamwimba farasi anavyovuka milima saba. Nikaimba kwato zake. Na kutoka upande wa mlima, mbali sana, nikasikia: ko-ko-ko... ko-ko-ko... Sikuthubutu kunyamaza. Nikawaimba madada watatu wanaoishi penye chanzo cha mto. Wa kwanza akakusanya mifupa ya Shujaa. Wa pili akairudishia nyama. Kwato zikakaribia. Nikamtazama mume wangu, nikaona mashavu yanapata damu, vidole vya miguu vinacheza chini ya blanketi.

Dada wa tatu akaruka juu ya Shujaa mara tatu. Kabla ya kumpa pumzi akamuuliza: “Nikikufufua, utaniahidi nini?”

Nikakwama.

Sikujua. Kila nyumba, kila mwaka, hapo ndipo chai huisha na mimi hutoka nje kuchukua barafu ya kuongeza sufuriani. Nikirudi, Shujaa ameshapanda farasi.

Kwato zikasimama. Ukuta ukazidi kubonyea, mpaka karibu na sikio langu. Na sauti ikaja kupitia sufu, karibu, ya upole.

“Niliahidi nini?”

Dashnyam alikuwa anachezesha midomo, machozi yanamtoka. Sikuelewa hata neno. Taa ilikuwa hafifu, na midomo yake ilikuwa inatetemeka.

“Niliahidi nini, dada?”

Nikasema kile ambacho mwanamke yeyote angetaka kuambiwa na mtu anayeondoka. Neno lilinitoka tu. Nikaimba:

“Nitarudi.”

Polepole ukuta ukarudi mahali pake. Nikasikia tandiko linainuliwa, mkanda wa tumbo unakazwa, farasi anakoroma. Na mtu akavuta pumzi ndefu, kama aliyetoka chini ya maji. Kwato zikaondoka kuelekea mlimani.

“Nipe chai,” Dashnyam akasema.

Asubuhi nilikuta alama za kwato. Zilianzia mlangoni petu. Hakukuwa na zilizokuja. Daktari wa wilayani alimpima Dashnyam akasema ni koo lililovimba kwa baridi, huwapata sana waimbaji, akampa vidonge. Tukamshukuru.

Majira ya kuchipua, siku moja Dashnyam alikuwa anakaza nyuzi za zeze lake. Nikamuuliza nikijifanya sijali: “Hivi yule dada wa tatu, Shujaa alimwahidi nini?”

Akacheka. “Miaka yote hiyo hujui? Alimwahidi hivi: ‘Sitakanyaga tena nchi ya walio hai.’ Ndiyo maana tunaweza kumwimba bila hofu. Anasikilizia hukohuko aliko.” Akanitazama. “Kwani wewe uliimbaje?”

“Hivyohivyo,” nikasema.

Tangu hapo nimemwomba tuhame bonde hili mara tano. Ananiuliza kwa nini. Simwambii.

Juzi theluji ya kwanza ilianguka. Leo, kabla jua halijazama, amepita hapa Purev, mchunga farasi wa Gombo, akaomba chai. Dashnyam hayupo, amekwenda kuimba upande wa kusini. Purev akanywa, akafuta sharubu, akasema amekutana na mtu kule juu ya mlima. Amepanda farasi mzuri sana, tandiko la fedha linameremeta. Mtu wa heshima, alimwita Purev kaka, na aliuliza jambo moja tu.

“Nini?” nikauliza.

“Eti yule mwanamke anayeimba bado anaishi bonde lilelile? Nikashangaa, sijui kama kuna mwanamke anaimba huku. Lakini hema la mwimbaji ni lenu tu, basi nikamwambia ndiyo.” Akanitazama usoni. “Vipi, shemeji, nimekosea?”

“Hapana,” nikamwambia. “Kaa kwanza. Kunywa nyingine.”