Maswali Aliyojibu Haerim

Kila alasiri Haerim alipotoka shule, alivua viatu mlangoni, akaweka mkoba chini, kisha akabonyeza kitufe kimoja cha piano ya babu. Kimoja tu. Enzi za uhai wake, babu angeitikia kutoka jikoni, "Imeshuka kidogo, hiyo!" Sasa hakuwepo wa kuitikia. Piano ilikuwa imeanza kupoteza sauti, na mama hakutaka fundi mwingine aiguse.

Babu alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano mjini Mokpo. Siku za Jumamosi alimchukua mjukuu wake, wakazunguka makanisani na shuleni, Haerim akiwa amebeba mfuko wa zana. Babu alikaza waya, akauliza, "Bado au tayari?" Haerim alipatia karibu kila mara. Wakirudi walinunua keki za mchele za moto, wakala njiani huku vidole vikinata. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Haerim alipoingia kidato cha kwanza, Mwalimu Bang aliwapeleka wanafunzi kwenye chumba cha kompyuta.

"Leo hakuna mtihani," alisema. "Fungueni tovuti ya kazi, mjibu maswali kwa ukweli. Itawaonyesha kazi zinazowafaa, masomo yanayotakiwa na namna ya kujiandaa."

Je, unapenda kazi za mikono? Haerim alitaka kubonyeza "sana". Akamkumbuka mama, mwenye duka la dobi, aliyezoea kumwonyesha kwa wateja akisema, "Huyu ndiye daktari wangu." Akabonyeza "hapana". Je, unapenda kuhudumia wagonjwa? "Sana."

Rafiki yake Yunji alichungulia. "We Haerim! Si ni wewe uliyelia siku ya chanjo?"

"Nyamaza bwana, fanya yako."

Jibu likatoka: daktari. Mama aliibandika karatasi ya jibu hilo dukani, ukutani karibu na pasi. Tangu siku hiyo wateja wakawa wanamtania Haerim, "Daktari, goti langu linaniuma!" Alicheka nao, lakini moyoni hakuwa na raha.

Kasheshe ilizuka siku ya kutembelea sehemu za kazi. Kila mwanafunzi alipelekwa kulingana na jibu lake, na Haerim akapelekwa hospitali. Muuguzi alipoanza kumtoa mzee mmoja damu, Haerim aliona kizunguzungu. Alipozinduka alikuwa kitandani, na yule mzee ndiye aliyekuwa akimpepea.

Mwalimu Bang alikuja akaketi kando yake. "Haerim, yale maswali aliyajibu nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Wewe, au mama yako?"

Haerim akaangua kilio. Mwalimu hakumkaripia. Kesho yake alimfungulia tovuti upya, akamwacha peke yake. Safari hii Haerim alijibu bila kumwogopa mtu. Katika orodha ya kazi zilizomfaa, ya tatu ilikuwa fundi wa piano. Alipoibonyeza, ukurasa ukaeleza: masikio makini, mikono yenye subira, mazoezi marefu chini ya fundi, kisha mtihani wa vitendo ili kupata cheti. Aliusoma mara mbili. Ilikuwa kama anasomewa habari za babu.

"Kamwonyeshe mama," Mwalimu alisema aliporudi, akimkabidhi ukurasa ule uliochapishwa.

"Atavunjika moyo."

"Huenda. Lakini ni afadhali leo kuliko ukiwa umeshasoma udaktari miaka sita."

Mama alikuwa dukani akipiga pasi. Alisoma ile karatasi, akazima pasi.

"Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa uongo?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Nilijibu unachotaka wewe."

"Na mimi nimetangaza mtaa mzima! Uso wangu nitauweka wapi?" Kisha sauti ya Mama ikalegea. "Unajua babu yako, miaka ya mwisho, alikuwa akishinda na simu mapajani, akingoja kuitwa? Watu walishanunua piano za umeme. Sikutaka yakukute wewe."

Haerim hakuwa akilijua hilo. "Ukurasa umesema hivyo pia, kwamba kazi zimepungua. Nimesoma yote, Mama. Bado sijaamua. Nataka tu kuanza kutafuta kwa ukweli."

Mama alibandua ile karatasi ya udaktari. Akafunga duka, wakaenda nyumbani, akaingia chumbani na kutoka na mfuko wa zana wa babu. "Niliuficha kwa sababu kila nikiuona nalia," alisema. "Kabla yako, niliubeba mimi."

Alikaa mbele ya piano kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mwanangu, ukiidanganya ile tovuti, itakuonyesha njia ya mtu mwingine, nawe utaifuata ukidhani ni yako. Hata mimi usinidanganye ili nifurahi. Niambie kweli, nikikasirika nitatulia. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mama akabonyeza kitufe kimoja. "Haya, fundi. Bado au tayari?"

Haerim aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka sauti ikaisha.

"Imeshuka kidogo, hiyo."

Mama akacheka huku akifuta machozi, akamsogezea mfuko.