Saa Mbili ya Bibi Hedwig

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tabea alipeleka maziwa kwa Bibi Hedwig, mke wa mkulima Mjerumani aliyeishi mlimani, juu ya shamba la migomba la kina Tabea, huko Akheri karibu na Arusha. Bibi huyo alikuwa mgeni, na Kiswahili kilimpiga chenga. Tabea naye alikuwa ameokota Kijerumani kidogo jikoni mwake, akakijivunia kama mwenye kanga mpya.

Agosti 1939 habari za vita zilitanda. Wajerumani waliotaka kurudi kwao waliandaliwa malori hadi stesheni ya Arusha, wapande treni ya kwenda Tanga, kwenye meli. Mume wa Bibi Hedwig alikwisha kutangulia huko kutafuta nafasi. Mwalimu Efraimu, aliyepewa orodha ya majina, alimwita Tabea.

"Mwambie Bibi lori litaondoka hapa kanisani kesho, saa mbili asubuhi. Utaweza, au nimtume mwingine?"

"Nitaweza, Mwalimu!"

Akaenda, akatamka kwa Kijerumani, neno kwa neno: kesho, saa mbili. Neno la asubuhi hakulijua, akaliacha.

Asubuhi yake, wakimalizia kukamua, jua limekwisha panda, alimsimulia kaka yake Sadoki, aliyewahi kufanya kazi stesheni, jinsi alivyoufikisha ujumbe. Sadoki akaangua kicheko.

"Ewe mkalimani! Saa mbili ya Wazungu ni saa nane yetu, mchana!"

Tabea akaitua ndoo. Akinyamaza, nani angejua? Watu wangesema Bibi alipitiwa na usingizi. Lakini wale watoto wake wawili, na baba yao anayewangoja gatini! Akatimua mbio kanisani kulizuia lori.

Kanisani injini ilikuwa ikinguruma.

"Bibi wa juu ameghairi," alisema dereva Sakaya. "Twende, treni haina mjomba."

Mwalimu alishika penseli kulikata jina lake.

"Usikate, Mwalimu!" Tabea alihema. "Hakughairi. Mimi nilimpa saa ya mchana. Nilijifanya najua."

Abiria wote wakamkodolea macho. Sakaya akasonya, akampakia Tabea, akageuza lori kupanda mlima.

Bibi Hedwig alikuwa akianika nepi. Zikasombwa mbichi hivyo hivyo, watoto wakapakiwa peku. Bibi alimkumbatia Tabea, akapanda.

Jioni Sakaya alileta habari: waliiwahi treni, kengele ikigongwa.

"Mwanangu," alisema Mwalimu Efraimu, "kutojua si aibu. Kujifanya unajua ndiko kulikokaribia kuitenga familia ile. Lakini ulikubali kuaibika ili wao wapone. Usipojua, uliza, ukikosea, sema upesi, kosa lingali linarekebishika."