Udongo wa Wiketi ya Hasamba

Mvua ilikuwa haijanyesha Mbozi, kahawa imekunja majani kwa kiu, lakini wiketi ya uwanja wa Hasamba ilikuwa inatoka jasho.

Lwitiko, mtunza uwanja, aliigusa kwa kiganja. Unyevu ulikuwa wa vuguvugu, mzito kidogo, na alipoupeleka puani alisikia harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye nguo za mtoto mchanga. Akajifutia suruali. Mkewe, Gwantwa, aliifua suruali ile, akairudia, na harufu haikutoka.

"Baba Lucky, umekanyaga nini huko?"

"Udongo tu."

Udongo tu. Wanaume wana tabia ya kuliita balaa kwa jina dogo, kisha wanamwachia mke afue.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa kriketi, jambo ambalo watu wa Hasamba hulieleza kwa aibu kidogo. Mlowezi mmoja wa kahawa aliutengeneza zama za ukoloni, apate kucheza na wenzake Jumapili, huku vibarua wakishangaa wanaume wazima waliovaa nguo nyeupe ili wagaegae kwenye majani. Alijenga jukwaa la mbao lenye paa la bati, vyumba vya kubadilishia nguo chini yake, tangi la maji na ubao wa kutundikia matokeo. Alipoondoka, wafanyabiashara wa Kihindi wakaurithi. Nao walipohamia mijini, ukarithiwa na mbuzi. Mwaka huu ndipo Bwana Luka wa Tunduma, anayewauzia Wazambia mahindi na kucheza nao kriketi, alipowachangisha wenzake wakaufufua. Walipaka jukwaa rangi, wakafunga nyavu za mazoezi na mabomba ya kuogea, wakamwajiri Lwitiko kutoka Ileje. Akapewa chumba chini ya jukwaa, akae na mkewe na mtoto wao Lucky, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua.

Ilibaki wiketi, ule ukanda mwembamba wa udongo mgumu katikati ya uwanja ambapo mpira hurushwa na kudunda. Mlowezi alikuwa ameleta udongo wake kutoka Kamsamba, mbali kule bondeni. Bwana Luka aliona huo ni upuuzi.

"Bamudala, mzee wangu, kichuguu kile pale pembeni kinatosha," alimwambia Lwitiko. "Kinashika kuliko saruji."

Lwitiko hakuona ubaya. Kwao Ileje udongo wa kichuguu ndio wa kukandikia nyumba. Hakujiuliza kwa nini mlowezi, tena mtu bahili, aliuacha udongo wa mlangoni akaufuata wa mbali. Wenyeji walimwona akichimba, wakamsalimia, wakapita, kila mmoja akidhani mwenzake ameshamwambia. Ndani ya udongo mlikuwa na vijiti vyeupe, vyepesi, vingine vimepinda. Alidhani ni mizizi. Aliviponda kwa jembe, akavimwagia maji, akavishindilia kwa lile pipa zito la chuma mpaka uso wa wiketi ukang'aa.

Mvua ya kwanza ilipopiga, kumbikumbi walitoka. Kichuguu hakikuwapo tena, kwa hiyo walitokea kwenye wiketi, wanono, weupe kupita kawaida, na hawakuruka. Walikaa wakingoja kuzolewa. Gwantwa alijaza beseni, akashukuru Mungu, maana mboga haikataliwi. Kwenye kikaango walitoa mafuta mengi yanayonata. Lwitiko alikula mpaka akalamba sufuria. Gwantwa alikula kidogo, akatafuna wengine wakalainika, akamlisha mtoto kwa ncha ya kidole, kama mama yake alivyowalisha wao. Lucky hakuwa na jino hata moja. Alimeza, akacheka.

Kuanzia hapo nyumba ikaharibika. Mabomba ya kuogea yalidondosha maji meupe ya vuguvugu yaliyoganda sakafuni. Mbawa za kumbikumbi zilijaa kwenye ndoo, kwenye unga, kwenye mito ya kulalia. Na giza lilipoingia, kutoka vyumba vya kubadilishia nguo, ambavyo Gwantwa alikuwa amevifunga kwa mkono wake mwenyewe na ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni mwake, ilisikika sauti ya kunyonya, kwanza ya mdomo mmoja, kisha ya midomo mingi, inanyonya, inapumzika, inacheua, inaanza tena, ikisogea ukutani taratibu mpaka ikafika nyuma ya kitanda, na alipogeuka amwamshe mumewe akakuta upande wake ni shuka tupu, limelowa, linanuka maziwa.

Alimkuta uwanjani. Lwitiko alikuwa amelala kifudifudi juu ya wiketi, midomo ameibandika kwenye udongo, anafyonza. Tope lilimtoka puani.

Bwana Luka alipofika asubuhi kukagua uwanja, alimkuta bado yuko hapohapo. Alirudi nyuma, akaziba pua kwa leso.

"Ana nini huyu?" alinong'ona.

"Jana alikula udongo, bosi," alisema Gwantwa. "Leo ameanza kuubembeleza."

"Usimwambie mtu. Wageni wa Nakonde wanakuja Jumamosi."

Gwantwa alimtazama mtu yule na leso yake, akamwonea kinyaa kuliko tope. Akamfunga Lucky mgongoni, akaenda kwa Bibi Ketrina, jirani aliyezaliwa palepale, mzee wa kanisa ambaye watu humwendea wakishindwa na hospitali, ingawa ukimwita mganga anakufukuza.

Bibi alikuja, akanusa wiketi kwa mbali, akatema mate.

"Watoto waliokufa kabla ya kuota meno hawakuzikwa makaburini," alisema kwa sauti ya chini. "Walilazwa kwenye kichuguu kile. Kina ubaridi. Mwenye kichuguu akawa analea. Nyie mmemnyang'anya watoto mkawaponda."

Bwana Luka alikumbuka alivyoikagua wiketi ile kwa kuipiga viatu. Akatapika palepale, kwenye viatu vyenyewe.

"Mwenye kichuguu ndiye nani, bibi?" aliuliza Gwantwa.

"Nyie mtasema jini. Sisi tulikuwa hatumtaji. Udongo wote urudishwe leo, na kilicholiwa kirudi pamoja nao. Nina mizizi ya kutapisha. Akibaki hata kumbikumbi mmoja tumboni mwa mtu, mwenye kichuguu atahamia humo. Walikula nani?"

"Mimi na Baba Lucky."

"Na huyo wa mgongoni?"

Mtoto alikuwa amelala, joto lake limemwenea Gwantwa mgongo mzima. "Asiye na meno akila, bibi, naye hutapishwa?" aliuliza taratibu.

"Huyo hatapishwi. Huyo ni wake. Angerudi na udongo." Bibi Ketrina akamkazia macho. "Alikula?"

"Hajala. Ananyonya tu."

Bibi akaenda kuileta mizizi.

Wachezaji wa Bwana Luka, watu wa kukunja suruali wasichafuke, walibomoa wiketi na kubeba udongo kwa karai hadi kwenye shimo la kichuguu, huku Bibi akisali. Lwitiko alishikwa na wanaume wazima akanyweshwa mizizi. Alichotoa kilikuwa kirefu, cheusi, kinachovutika, na ndani yake kumbikumbi walikuwa hai, wanatembea, wanapandana, wengine wakijaribu kumrudia mdomoni huku watu wakiwapangusa kwa matambara na kugeuza nyuso. Gwantwa naye alikunywa. Alitoa chake kidogo, akakifukia mwenyewe kwa mikono.

Jioni Lwitiko aliuliza kama kuna ugali. Gwantwa alilia kwa furaha, akamsongea, akamtazama akila tonge baada ya tonge, mume wake yuleyule. Sauti za ukutani zilikoma, mabomba yakatoa maji safi. Jumamosi mechi ilichezwa juu ya zulia lililotandikwa kwenye saruji, na Bwana Luka aliwaambia wageni kuwa hiyo ndiyo teknolojia mpya.

Watu walipokuwa wanapiga makofi juu ya jukwaa, Gwantwa alikaa chumbani chini yao akinyonyesha. Lucky alinyonya kwa nguvu, bila kupumzika, na titi lilipokauka hakuliachia. Kitu kilitembea kwenye chuchu. Gwantwa alimtoa mtoto kwa kidole, akamfungua mdomo. Fizi zilikuwa laini, tupu, bila jino, na kutoka chini ya ulimi kumbikumbi walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wanono, wakijivuta kwenye maziwa, wakiacha mbawa zao kidevuni. Mtoto alimtazama kwa utulivu wa mtu mzima aliyekwishapata mahali pa kukaa.

Mlango ukasukumwa. Lwitiko aliingia akicheka, amebeba soda mbili.

"Mama Lucky, mbona umejiinamia? Mtoto amecheua nini?"

Bibi Ketrina alikuwa bado uwanjani, sauti yake inasikika nje ya dirisha. Gwantwa aliwakusanya wote kwa kiganja, na mbawa zao, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuwatupa, akawatia mdomoni akameza.

"Maziwa tu, Baba Lucky," alisema, akampa mtoto titi la pili.